Mlima hupangwa kwa usiku: jinsi tulivyoandaa safari ya Ruwenzori

Utangulizi

Ruwenzori ni mlima wetu na wa majirani zetu. Kilele chake kirefu, Margherita, kina mita 5,109, na mpaka wa Kongo na Uganda unapita papo hapo juu. Ndicho kilele kirefu kuliko vyote katika nchi yetu, na cha tatu katika Afrika nzima, nyuma ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Hata hivyo wengi wetu tunaujua kwa jina tu, kama tulivyolisoma katika vitabu vya jiografia vya shule.

Tuko wanafunzi watano: wanne wa lugha na mmoja wa udaktari. Wawili kati yetu wanakusanya msamiati wa mlima katika Kinande na Lukonzo kwa ajili ya kazi yao ya mwisho wa masomo, na msamiati huo hauwezi kukusanywa wote ukiwa umekaa chini. Ndiyo sababu tumeamua kupanda wakati wa likizo, si kwa mbio za siku chache, bali kwa siku 12, na kujaribu vilele viwili. Mimi nilipewa kazi ya kushika daftari la mpango. Kazi hiyo ilinifundisha jambo moja ambalo naona linafaa kila msomaji anayewaza mlima mrefu, uwe huu, uwe Karisimbi au Kilimanjaro: safari ya mlima mrefu hupangwa kwa usiku, haipangwi kwa mchana. Swali la kwanza ni «tutalala wapi, na kwa urefu gani?». Swali la «tutatembea saa ngapi?» huja baadaye sana.

Makala hii inaeleza kwanza sababu ya jambo hilo, halafu inaonyesha kalenda yetu, hatari tuliyoikuta ndani ya ramani, maandalizi ya mwili, mizigo na pesa, na mwishowe maneno ambayo kundi linapaswa kukubaliana kabla ya kuondoka.

1. Kwa nini usiku?

Watu husema kwamba huko juu «hakuna oksijeni». Si kweli kabisa. Sehemu ya oksijeni katika hewa ni ileile, karibu asilimia 21, kwenye mwambao wa Moanda na kwenye theluji ya Margherita. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Kadiri unavyopanda, hewa inalegea, na kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo zaidi. Kwenye mita 5,000 na kitu, pumzi moja inakupa karibu nusu ya ile uliyozoea pwani.

Mwili una dawa yake. Katika saa na siku za kwanza unapumua haraka na kwa kina, moyo unapiga mbio, na figo zinarekebisha damu ili upumuaji huo mpya uweze kuendelea. Baada ya majuma, chembe nyekundu za damu zinaongezeka. Lakini dawa hiyo inataka muda, na muda huo haununuliwi kwa mazoezi. Mchezaji hodari wa mpira anaweza kuugua pale ambapo mwalimu wake mnene anakula chakula chake vizuri. Mazoezi yanasaidia miguu, lakini hayafundishi mwili kuzoea hewa nyepesi.

Mchana unapopanda juu kidogo kisha ukarudi, mwili unapata onyo na kuanza kujirekebisha. Usiku ndio hatari, kwa sababu unapolala upumuaji unapungua, na unabaki saa nyingi kwenye urefu uleule bila kujua linalotokea ndani yako. Ndiyo maana madaktari wa milimani wanatoa kanuni mbili rahisi. Ya kwanza: ukishapita mita 3,000, usiongeze urefu wa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku. Ya pili: kila baada ya siku tatu au nne, lala usiku wa pili mahali palepale. Wapandaji wanaifupisha hivi: panda juu, lala chini.

Asiyeheshimu kanuni hizo anaweza kupata ugonjwa wa mwinuko: kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida, kizunguzungu, usingizi mbaya. Katika hali hiyo ya kwanza, kupumzika bila kupanda zaidi mara nyingi kunatosha. Lakini kuna hali mbili zinazoua. Moja ni ubongo kuvimba: mgonjwa anayumba kama mlevi, anachanganya maneno, anataka tu kulala. Nyingine ni mapafu kujaa maji: mgonjwa anakosa pumzi hata akiwa ameketi, anakohoa, na makohozi yanaweza kuwa na povu la rangi ya waridi. Kwa hali zote mbili tiba ya kwanza ni moja: kuteremka, mara moja, hata kama ni usiku.

2. Upande gani wa mlima?

Upande wa Kongo, njia inaanzia Mutwanga, ndani ya Hifadhi ya Virunga, hifadhi ya kwanza ya taifa katika Afrika, iliyoundwa mwaka 1925. Njia hiyo ina vibanda vyake vya zamani: Kalonge, Mahangu, Kiondo. Ni njia kali na nzuri, na ingekuwa furaha yetu kupanda mlima wetu kwa mlango wetu wenyewe. Lakini eneo la Beni limeona mashambulio dhidi ya raia tangu mwaka 2014, na vijiji vya chini ya mlima havikusalimika. Hatukuona haki kumwomba kiongozi au mpagazi wa huko ahatarishe maisha kwa ajili ya likizo yetu. Tumeiweka njia ya Mutwanga kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, chini ya neno «siku moja».

Kwa hiyo tutapitia Uganda, kutoka Kasese hadi Nyakalengija, mwanzo wa mzunguko wa kati. Njia hii inazunguka mabonde ya Bujuku na Mubuku, na inapita katikati ya milima mikubwa mitatu: Stanley, Speke na Baker. Kwenye ramani za Kongo mlima Stanley unaitwa pia Ngaliema.

Kuhusu majira, Ruwenzori ni mlima wa mvua, na mvua inaweza kunyesha mwezi wowote. Vipindi vyenye nafuu ni viwili: kuanzia katikati ya Desemba hadi Februari, na kuanzia Juni hadi Agosti. Kalenda ya masomo ilituchagulia kile cha pili.

3. Kalenda

Nilianza kwa kuandika majina ya vibanda na urefu wake, kimoja chini ya kingine:

Nyabitaba, mita 2,651
John Matte, mita 3,414
Bujuku, mita 3,962
Elena, mita 4,541
Kitandara, mita 4,023
Guy Yeoman, mita 3,261

Halafu nikafanya hesabu ya kutoa. Mzunguko wa kawaida unaouzwa kwa wageni huchukua siku saba au nane, na huwalaza watu Nyabitaba, John Matte, Bujuku na Elena kwa nyusiku nne zinazofuatana. Kutoka Nyabitaba hadi John Matte ni kuongeza mita 763. Kutoka John Matte hadi Bujuku, mita 548. Kutoka Bujuku hadi Elena, mita 579. Kwa maneno mengine, kanuni ya mita 500 inapitwa kila siku, bila usiku hata mmoja wa kupumzika, na kesho yake ndipo unapoamshwa gizani kuelekea kilele. Wengi hufanikiwa hivyo. Wengine hufika Elena na kichwa kinachopasuka, na kilele wanakitazama kwa dirisha.

Vibanda haviwezi kusogezwa. Kinachoweza kusogezwa ni idadi ya usiku katika kila kibanda. Kalenda yetu ni hii:

Siku ya 1: Nyakalengija hadi Nyabitaba.
Siku ya 2: Nyabitaba hadi John Matte.
Siku ya 3: matembezi mepesi kuelekea mabwawa ya Bigo, kurudi kulala John Matte.
Siku ya 4: John Matte hadi Bujuku.
Siku ya 5: matembezi mafupi juu ya Bujuku, kurudi kulala palepale.
Siku ya 6: kilele cha Vittorio Emanuele katika mlima Speke, mita 4,890, kurudi kulala Bujuku.
Siku ya 7: Bujuku hadi Elena.
Siku ya 8: Margherita, kisha kuteremka Kitandara.
Siku ya 9: mapumziko Kitandara.
Siku ya 10: kuvuka kupitia Freshfield hadi Guy Yeoman.
Siku ya 11: kuteremka hadi Nyakalengija.
Siku ya 12: akiba.

Tazama siku ya 6. Hapo ndipo mpango mrefu unapolipa. Speke si zawadi ya pembeni. Ni sehemu ya maandalizi ya Margherita. Tunapanda mita 928 juu ya kitanda chetu, tunakaa huko juu muda mfupi, halafu tunarudi kulala kwenye urefu ambao mwili umeshauzoea kwa nyusiku mbili. Tutakapofika Elena siku ya 7, mita 4,541 hazitakuwa ngeni, kwa sababu jana yake tulikuwa juu zaidi ya hapo. Ndiyo faida ya kupanda vilele viwili katika safari moja: kilele kidogo kinafungua mlango wa kilele kikubwa, mradi tu mpangilio uwe huo na usigeuzwe.

Siku ya 12 haina mahali pake. Inaweza kutumika popote, kama mvua itatufungia Elena, au kama mmoja wetu atahitaji usiku mwingine Bujuku. Siku ya akiba iliyopangiwa kazi mapema si akiba tena.

4. Kitandara, mahali pasipo mteremko

Nilipokuwa nafuata njia kwenye ramani kwa kalamu, niliona jambo ambalo maelezo ya wauza safari hayasemi kwa sauti. Tumesema kwamba tiba ya ugonjwa wa mwinuko ni kuteremka. Basi, kutoka kila kibanda, nilijiuliza: mtu akiugua hapa usiku, mteremko uko wapi?

Kutoka Elena, mteremko uko: bonde la Bujuku, kisha John Matte. Ni kazi ngumu, lakini kila hatua inakwenda chini. Kutoka Bujuku pia ni vivyo hivyo.

Kitandara ni tofauti. Maziwa yake mawili ni mazuri kuliko picha yoyote, na kibanda kiko chini kuliko Elena kwa mita 518, kwa hiyo mtu anaweza kufikiri kwamba huko kuna usalama. Lakini ili kutoka Kitandara kuelekea Uganda, lazima upande tena: ama urudi kupitia mlango wa Scott-Elliot, mita 4,372, ama uvuke mlango wa Freshfield, mita 4,282. Mteremko wa kweli upo upande mmoja tu, ule wa magharibi, kwa sababu maji ya Kitandara hutiririka kuelekea bonde la Butawu, yaani nchini kwetu. Na bonde hilo halina njia ya kumtolea mgonjwa.

Inachekesha na kuhuzunisha kidogo. Mahali ambapo mlima unatuelekeza nyumbani ndipo tusipoweza kupita. Maji yenyewe hayasumbuliwi na mpaka: yale ya Butawu yanaingia Semliki moja kwa moja, na yale ya Mubuku yanazunguka kupitia ziwa George na ziwa Edward, kisha nayo yanaingia Semliki.

Kutokana na hayo tuliandika sheria moja kwa herufi kubwa: mtu mwenye dalili yoyote haruhusiwi kuvuka Scott-Elliot. Baada ya Margherita, tutapimana hali pale Elena. Kama wote wako wazima, tutakwenda Kitandara. Kama mmoja ana kichwa kisichopoa au mwendo wa kuyumba, kundi zima litarudi Bujuku kwa njia tuliyopandia, na Kitandara tutaiona katika picha za wengine. Hatutagawanyika. Helikopta hatuiweki katika mpango: mawingu ya Ruwenzori hayasubiri rubani, na anayepanga kwa kutegemea helikopta amepanga nusu tu.

5. Mwili kabla ya safari

Kila mmoja wetu alitakiwa kumwona daktari. Maswali ya kawaida yalihusu moyo, mapafu, shinikizo la damu na ujauzito. Lakini kwetu Kongo kuna swali ambalo vitabu vya wapandaji wa Ulaya hulipitia haraka: drepanositozi, yaani ugonjwa wa selimundu. Mwenye ugonjwa wenyewe, SS, hapaswi kwenda kwenye mwinuko mkubwa, kwa sababu upungufu wa oksijeni ndio unaofanya chembe nyekundu zipinde na kuziba mishipa. Mwenye AS, ambaye kwa kawaida anaishi bila shida yoyote na mara nyingi hajui kama anayo, anaweza kupanda bila tatizo, lakini kuna watu wa AS ambao wengu lao liliharibika huko juu. Kipimo ni rahisi: elektroforezi ya hemoglobini. Ninamshauri kila msomaji akifanye kabla ya kulipa hata franka moja ya safari.

Mmoja wetu alikutwa na AS. Daktari alimweleza hatari hiyo bila kumtisha, na akamwachia uamuzi. Alifikiri kwa juma zima. Mwishowe aliamua kubaki chini, katika vijiji vya Bakonzo karibu na Nyakalengija, na kwa kweli ndiye atakayepata sehemu kubwa ya msamiati, maana wazee wanaojua majina ya mlima hawalali Elena. Atakuwa pia na nakala ya kalenda yetu, na ndiye atakayepiga simu kama tutachelewa. Kwa hiyo tunaopanda ni wanne, lakini safari ni ya watano.

Jambo la pili la kwetu ni malaria. Kichwa kuuma, uchovu, kichefuchefu: ndizo dalili za mwinuko, na ndizo dalili za malaria ambayo mtu anaweza kuwa ameibeba kutoka Kisangani au Bukavu bila kujua. Tutachukua vipimo vya haraka vya malaria pamoja na dawa zake. Lakini kanuni inabaki: kichwa kikiuma juu ya mita 3,000, tunakihesabu kuwa ni mwinuko mpaka kithibitishwe kuwa kingine. Kipimo cha malaria kikisema ndiyo, hilo halimruhusu mgonjwa kuendelea kupanda, naye ateremke.

Kuna dawa iitwayo asetazolamidi inayosaidia mwili kuzoea haraka. Inaongeza mkojo na kuleta ganzi ya vidole, na haiwafai baadhi ya watu, hasa wenye mzio wa dawa za salfa. Daktari ndiye anayeamua nani aitumie na kwa kipimo gani. Haichukui nafasi ya usiku wa kupumzika. Pombe na vidonge vya usingizi tumevipiga marufuku, kwa kuwa vinapunguza upumuaji usiku.

Mazoezi yetu ni ya kawaida: kutembea saa nyingi na mzigo mgongoni, kupanda na kushuka ngazi, mara tatu kwa juma kwa miezi mitatu. Shabaha ni miguu isiyochoka kwenye matope, ili akili ibaki macho.

6. Mizigo na pesa

Sitaorodhesha kila kitu. Nataja tu vile ambavyo Ruwenzori inavidai kuliko milima mingine. Cha kwanza ni mabuti ya mpira, kwa sababu kati ya John Matte na Bujuku utatembea ndani ya mabwawa ya matope siku nzima. Viatu vigumu vya barafu vinabebwa hadi Elena na kuvaliwa huko. Cha pili ni mifuko ya nailoni ya kufungia nguo na mfuko wa kulalia; nguo ikilowa Bujuku, haikauki Bujuku. Cha tatu ni nguo za sufu au za nyuzi za kisasa, maana pamba ikilowa inanyonya joto la mwili. Miwani ya jua isisahaulike: mwanga wa jua ukirudishwa na theluji unaweza kupofusha macho kwa siku kadhaa.

Kwa Margherita tunahitaji pia kramponi, shoka la barafu, mkanda wa kujifungia, kofia ngumu na kamba. Kutoka Elena unapita Uwanda wa Stanley, ambao una nyufa katika barafu, halafu barafu ya Margherita yenyewe, kisha miamba. Barafu hii si ile iliyokutwa na Luigi Amedeo, mtawala wa Abruzzi, aliyefika Margherita kwa mara ya kwanza mwezi Juni 1906. Tangu hapo imepungua sana, na njia hubadilika kadiri inavyoyeyuka. Kwa hiyo maelezo ya mtu aliyepanda miaka kumi iliyopita tuliyasoma kwa shukrani, lakini kwa njia ya leo tutamsikiliza kiongozi wa leo. Tumepanga mchana mmoja wa kujifunza kutembea na kramponi kabla ya usiku wa kilele.

Kuhusu pesa, jambo la kuelewa ni kwamba karibu kila gharama huhesabiwa kwa siku: ada ya hifadhi, malipo ya kiongozi, malipo ya wapagazi, chakula. Kwa hiyo kila usiku wa kupumzika una bei yake, na ndio wa kwanza kukatwa watu wanapotafuta unafuu. Sisi tuliamua kinyume. Tulipunguza mahali pengine: tutasafiri kwa basi, tutakodi vifaa vya barafu, tutapika chakula chetu wenyewe, na tumeahirisha safari kwa mwaka mmoja ili tuweze kuchanga. Usiku wa John Matte na nyusiku za Bujuku hazikuguswa. Wala hatukugusa malipo ya wapagazi. Mpagazi anayetetemeka bila koti kwa sababu mwanafunzi alitaka punguzo ni aibu, na tena ndiye atakayekubeba ukianguka.

Hati za safari nazo ziandaliwe mapema: pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na ruhusa za kuingia nchini na hifadhini.

7. Maneno ya kukubaliana

Hapa ndipo wanafunzi wa lugha wanapokuwa na faida, wakitaka.

Kundi letu linaongea Kiswahili cha namna tatu, Kifaransa, na Kinande kwa wawili. Viongozi wa upande wa Uganda wanaongea Lukonzo na Kiingereza, na baadhi yao Kiswahili. Kinande na Lukonzo ni ndugu wa karibu kiasi kwamba mtu wa Butembo na mtu wa Kasese husikilizana bila mkalimani. Mpaka ulichorwa juu ya mlima, lakini lugha ilibaki moja pande zote mbili. Hiyo ni bahati kubwa kwetu, na tutaitumia.

Lakini bahati haitoshi. Tulikaa mezani tukaandika maneno ambayo lazima yawe na maana moja tu kwa watu wote. La kwanza ni saa. Wengine kati yetu huhesabu saa kwa Kifaransa, wengine kwa Kiswahili cha jua. «Tunaondoka saa tisa usiku» kwa mmoja ni saa tisa baada ya jua kuzama, kwa mwingine ni wakati wa kwenda kulala. Usiku wa Margherita, kosa hilo lingekula kilele. Tumekubaliana kutumia saa ya jua, na kuirudia kwa tarakimu.

La pili ni theluji na barafu. Katika mazungumzo ya kila siku tunayachanganya, na historia yake inatusamehe: theluji ilitujia kutoka Kiarabu, barafu kutoka Kiajemi, na katika lugha zote mbili asili yake yalihusu kile kitu cheupe kinachoanguka. Juu ya mlima hatuwezi kuyachanganya. Kwetu, theluji ni ile laini inayozama mguu; barafu ni ile ngumu inayodai kramponi. Kiongozi akiuliza «mbele kuna nini?», jibu moja lina maana ya kuendelea, jingine lina maana ya kusimama na kujifunga kamba.

La tatu, na kubwa kuliko yote, ni namna ya kusema «naumwa». Sisi vijana tuna aibu. Mtu akiulizwa hali hujibu «iko muzuri» hata akiwa anatapika nyuma ya jiwe. Kwa hiyo tumeondoa swali la «habari gani?» katika ukaguzi wa jioni. Badala yake kuna maswali matano, na kila mmoja anajibu kwa namba kuanzia 0 hadi 3: kichwa, tumbo, uchovu, kizunguzungu, usingizi wa jana. Halafu kila mmoja anatembea hatua kumi kwenye mstari ulionyooka, kisigino mbele ya vidole. Anayeyumba ameshasema, hata kama kinywa chake kimekataa. Mwenzetu wa udaktari anaandika namba hizo, na neno lake kuhusu kuteremka halipigiwi kura.

Neno la mwisho tulilikuta tayari. Viongozi wa Kilimanjaro wamelifundisha dunia nzima: pole pole. Wageni hulichukulia kama wimbo wa kupendeza, lakini ni maelekezo ya kitabibu kabisa. Ukitembea kwa mwendo ambao bado unaweza kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi, uko ndani ya uwezo wako. Sentensi ikikatika, umepita. Nani angefikiri kwamba sarufi ingekuwa kipimo cha mapafu?

Hitimisho

Msomaji ambaye hataki Ruwenzori anaweza kuchukua njia hii na kuipeleka kwingine. Achukue ramani, aandike mahali pote pa kulala pamoja na urefu wake, afanye hesabu ya kutoa, na popote namba inapozidi 500 juu ya mita 3,000, aongeze usiku. Kwa kila mahali pa kulala aulize: mteremko uko wapi? Akipata kilele kidogo njiani, akiweke kabla ya kile kikubwa. Afanye vipimo vya damu kabla ya kulipa. Halafu akae na wenzake wakubaliane maneno.

Mkutano wetu wa mwisho na wazazi ulichukua jioni nzima. Hawakuuliza mengi kuhusu kilele. Waliuliza nani ataamua kurudi, na kwa dalili gani. Tuliwasomea kalenda, sheria ya Scott-Elliot na maswali matano ya jioni, na nakala moja ikabaki kwao. Tukifika Margherita tutafurahi sana. Tukirudia Bujuku kwa sababu namba za mmoja wetu zilikuwa mbaya, mpango utakuwa umefanya kazi yake, na wenzetu wa kitivo watapata msamiati wao hata hivyo.